Boriti ya Jikoni Iliponyamaza

Nyumba ya Mama Peilian ilikuwa imeinama kiasi kwamba kiazi kikimponyoka jikoni, alikwenda kukiokota sebuleni. Sisi majirani tulishazoea. Mimi nimeolewa katika nyumba ya chini yake, pale mteremko unapoanza, na tangu nilipoingia kijiji cha Gaomeng nikiwa bibi harusi, ile nyumba imekuwa ikinielemea kwa juu kama mtu anayetaka kuchungulia nimepika nini.

Watu walikuwa na lao la kusema, maana mwenye nyumba ni fundi, tena si fundi wa kubahatisha. Long Tingkui, yaani Baba Peilian, alisimamisha minara ya ngoma mitatu na madaraja mawili yenye paa, na nyumba ambazo mwenyewe aliacha kuzihesabu, zote za msonobari, bila msumari hata mmoja. Hakuchora ramani. Vipimo vyote vya nyumba alivitia kwa wino juu ya ufito mmoja wa mwanzi uliopasuliwa katikati, na mbao mia tatu zikachongwa kwa kuufuata huo ufito, na siku ya kusimamisha kila ulimi wa boriti ukaingia kwenye tundu lake la nguzo. Zaidi ya miaka arobaini alizunguka vijiji vya watu akiwa na kisanduku cha patasi mgongoni. Nyumbani alikuja mwaka mpya, akaja tena wakati wa kupandikiza mpunga, basi. Na kila alipokuja, mkewe alimwambia neno lilelile: "Baba Peilian, nyumba inaanguka." Naye akamjibu neno lilelile: "Nikirudi safari hii nitaishughulikia."

Aliporudi moja kwa moja, alirudi kiziwi. Miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa kwenye karakana ya mjini, misumeno ya mashine ikinguruma kutwa, nayo ikamla masikio kidogo kidogo mpaka yakaisha. Binti yao, Peilian, mwenye duka la nguo mjini Kaili, alimnunulia kifaa cha kusikilizia. Mzee alikivaa siku mbili.

"Nasikia vijiko, nasikia mfereji, nasikia bata wa watu!" alilalamika kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Vyote vinaniingia kwa pamoja kama gulio. Mtu anayezungumza nami ndiye simsikii!"

Akakirudisha kwenye boksi lake. Tangu hapo aliyeelewana naye alikuwa mkewe peke yake. Midomo ya Mama Peilian aliweza kuisoma hata ikiwa inatafuna. Sisi wengine tulimwandikia kiganjani, au tukatabasamu tu, naye akatabasamu.

Mwaka juzi mvua zilinyesha wiki nne mfululizo. Udongo wa chini ya nyumba yao ukalainika, na nguzo mbili za upande wa mto zikazama na mawe yake, moja kiasi cha kiganja, nyingine zaidi. Nyumba iliyokuwa imeinama sasa ikawa imeegemea kweli. Vigae vikaanza kuteleza kimoja kimoja na kuvunjikia uani kwangu. Karani wa kijiji akaja, akatazama, akapiga picha, akasema kwa adabu kwamba nyumba hii ama inyooshwe ama ibomolewe kabla ya mvua za mwaka unaofuata, kwa usalama wa wanaokaa humo na wa jirani wa chini. Jirani wa chini ni mimi.

Peilian alipiga simu. Mama yake akaweka sauti kubwa, na mimi nilikuwepo, tunamenya maharage.

"Mama, hamieni kwangu. Chumba kipo, lifti ipo."

"Nikae ghorofa ya kumi na saba nifanye nini? Nihesabu magari?"

"Utapumzika, Mama."

"Nimechoka na nini mpaka nipumzike? Baba yako ndiye aliyezunguka. Mimi nilikaa hapahapa."

Alipokata simu aligonga meza kwa ngumi, mara mbili. Ndivyo alivyomwita mumewe siku hizi. Mzee aliusikia mtikisiko kwa viganja vyake, akageuka.

"Baba Peilian, safari zimekwisha. Nyoosha nyumba."

Mzee akatikisa kichwa. Nilidhani anaona uvivu. Kumbe ilikuwa aibu.

"Nyumba hainyooshwi kwa macho," alisema, na nadhani alikusudia kusema polepole. "Unavua vigae, unatoa mbao za kuta, unalegeza kabari, unafunga kamba juu ya nguzo na watu wanavuta. Upana wa kidole kimoja, unasimama. Kidole kingine, unasimama. Mti kabla haujavunjika huwa unaaga. Fundi anausikia, anasema acheni. Mimi nitasikia nini? Nitaua mtu."

"Shengzao ana masikio," mkewe akasema.

Shengzao alijifunza kazi kwake. Siku hizi ana umri wa miaka hamsini na mbili, ana mafundi wake mwenyewe na gari lake.

"Shengzao haijui nyumba hii. Kila nyumba ina sauti zake. Asiyeikaa hawezi kujua ipi ni ya kulalamika tu na ipi ni ya kuvunjika."

Mama Peilian akaweka bakuli la maharage chini. Akamgeukia mumewe, akasema, midomo yake ikitamka kila neno wazi kabisa:

"Nani aliyeikaa nyumba hii, Tingkui?"

Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake mbele ya watu. Akainuka, akamshika mkono wa koti, akamwongoza mpaka nguzo ya kwanza karibu na mlango. Mimi nikafuata nyuma na maganda yangu ya maharage kwenye aproni.

"Hii, mvua ikikaribia inalia. Sauti nyembamba, kama mlango wa kabati. Usiihofu, ina miaka ishirini inalia hivyo." Akapiga hatua. "Hii ya kati ni bubu mpaka baridi ya mwezi wa kumi na mbili iingie. Hapo inapasuka pah! kama njugu kwenye moto. Mara ya kwanza nilitoka mbio na Peilian mgongoni." Akaenda jikoni. "Na hii ya jikoni haina tabia yake yenyewe. Lakini boriti yake, ile inayokwenda mpaka nguzo ya nje, inaijibu ile ya kati. Ya kati ikisema, hii inajibu. Kila mara. Moja, halafu nyingine."

Mzee alikuwa amesimama, midomo ikiwa wazi kidogo. Akaenda kuchukua kidau chake cha wino na kalamu ya mwanzi. Wakaanza upya kutoka mlangoni. Mkewe anasema, yeye anaandika juu ya nguzo, kwa alama zake za kifundi, na kando yake akichora mstari, mrefu kwa sauti nene, mfupi kwa sauti nyembamba. Walizunguka nguzo zote kumi na sita. Walipofika ya mwisho akauliza:

"Umejuaje yote haya?"

"Ningemsikiliza nani mwingine?" akasema Mama Peilian.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekujibu ni saa ngapi. Mzee alilisoma midomoni mwake, akashusha macho kwenye kidau cha wino, akakikoroga, akakikoroga tena, ingawa hakukuwa na kitu cha kuandika. Mimi niliaga.

Shengzao alikuja baada ya siku tatu na mafundi wanne, jeki mbili za mafuta na minyororo ya kuvutia. Alizunguka nyumba, akachuchumaa kwenye nguzo zilizozama, akatazama juu.

"Mama," alimwambia Mama Peilian, kwa kuwa mke wa mwalimu wake ni mama yake, "niseme ukweli? Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine ningesema tuiteremshe yote, tubadilishe mbovu, tuipandishe upya. Miezi miwili. Kuivuta ikiwa imesimama ni bahati nasibu."

"Mwambie mwalimu wako."

"Nimwambieje? Hasikii."

"Basi umeshajua kwa nini nimekuambia umwambie."

Shengzao akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini alipooneshwa zile nguzo zenye alama na kuelezwa mpango, kicheko kikakata. Mpango ulikuwa huu: Mama Peilian atasimama jikoni, sikio lake kwenye nguzo. Kiganja wazi, vuteni. Ngumi, acheni. Mzee atakaa katikati ya nyumba penye timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, macho yakienda kwenye uzi na kwa mkewe, mkononi ana kitambaa chekundu. Watu wa kamba wataangalia kitambaa, na si kitu kingine.

"Mwalimu, mimi masikio yangu mazima," Shengzao akasema, akijielekezea masikio.

Mzee akaelewa. "Mazima, ndiyo. Lakini ni ya mgeni."

Walifanya kazi ya maandalizi siku sita. Vigae viliteremshwa kwa mikono, mtu kwa mtu, vikapangwa uani kwangu mpaka nikakosa pa kuanika nguo. Mbao za kuta zikatolewa na kuandikwa namba. Ikabaki nguzo na boriti tupu, nyumba ikawa kama samaki aliyeliwa. Nguzo mbili zilizozama zikainuliwa kwa jeki, mawe mapya mapana yakaingizwa chini yake juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Kabari zote zikalegezwa. Mama Peilian alipika kwa watu wote hao kwenye meko ya nje: wali wa kunata, samaki wa kuchachusha, maboga. Alipika akiwa ameipa nyumba mgongo. Nilimuuliza kwa nini.

"Ukimwona mtu uliyemzoea akiwa uchi mchana, utatazama?"

Siku ya kuvuta ilikuwa ya mwezi wa tatu, mawingu yakiwa chini. Peilian alifika asubuhi hiyo kutoka Kaili akiwa na viatu vyeupe ambavyo kufikia saa nne havikuwa vyeupe tena. Kijiji kizima kilikuja, kama ilivyo ada. Nyumba ya mtu haivutwi na mafundi peke yao. Kamba zilikuwa nne, mbili za minyororo na mbili za mikono. Mimi na Peilian tulikuwa kamba ya tatu, ya wanawake.

Baba Peilian alichoma ubani, akamwaga pombe ya mchele kidogo kwenye jiwe la kila nguzo. Kisha akakaa kwenye kigoda katikati, uzi wa timazi ukining'inia mbele ya pua yake. Toka kwenye uzi hadi alama aliyoweka sakafuni ilikuwa vidole kumi na kimoja. Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa imepinda.

Mama Peilian akaingia jikoni, yaani pale palipokuwa jikoni, akaweka shavu lake kwenye nguzo. Akafungua kiganja.

Kitambaa kikapanda. Tukavuta.

Sikuwahi kujua nyumba ina sauti nyingi vile. Ililia kila mahali. Ilipiga kelele kama nguruwe anayebebwa. Peilian akaachia kamba kwa hofu, nikamkemea akaishika tena. Mama yake hakuinua hata nyusi. Kiganja wazi. Kidole cha kwanza. Ngumi. Tukapumzika, mafundi wakagonga kabari kulinda tulichopata. Kiganja. Ngumi. Kiganja. Mara moja palitoka mlio wa pah! uliowafanya hata wanaume wa minyororo wakurupuke, na Mama Peilian akatikisa tu kichwa na kusema, "Huyo wa njugu. Endeleeni." Watu wakacheka, mikono ikapata nguvu.

Mpaka adhuhuri tulikuwa tumebakiza vidole vinne. Upepo ukageuka. Shengzao akatazama mlimani, mawingu yalikuwa yameshaufunika mnara wa ngoma wa kijiji cha juu. Nyumba haina paa, kabari zimelegezwa, mvua ikiingia kwenye matundu mbao zitavimba na hazitasogea tena.

"Tumalize kwa mkupuo mmoja!" akapaza sauti. "Vidole vinne si kitu. Mwalimu! Vinne!"

Akamwonesha mzee vidole vinne na kuelekeza mawinguni. Mzee akatazama mawingu, akamtazama mkewe. Kiganja kilikuwa wazi. Kitambaa kikapanda, tukavuta. Nguzo ya kati ilinguruma, nene, kama ilivyokuwa ikinguruma toka asubuhi.

Mama Peilian akafunga ngumi.

Kitambaa kikashuka papo hapo. Tukasimama, kamba zimekaza, visigino vimezama matopeni.

"Kuna nini?" Shengzao akauliza. "Mama, mimi nipo hapahapa. Sikusikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Hata mimi sikusikia."

"Sasa?"

"Ya kati imesema. Boriti ya jikoni haikujibu."

Mmoja wa mafundi vijana akaguna. Shengzao akajifuta uso. Alikuwa mtu mwenye adabu, lakini mvua ilikuwa inakuja. "Mama, mbao zikinyamaza ndiyo vizuri. Tunaogopa zinazolia."

"Miaka arobaini na minne inajibu," Mama Peilian akasema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ya kati ikisema, haijawahi kunyamaza hata mara moja. Usivute, Shengzao. Nakuomba, mwanangu, usivute."

Baba Peilian alikuwa ameshainuka. Hakusikia hata neno moja la mabishano yale. Aliona ngumi tu, na uso. Akachukua ngazi, akaiegemeza kwenye nguzo ya jikoni, akapanda yeye mwenyewe akiwa na miaka yake sitini na tisa, mafundi wakikimbilia kumshikia ngazi. Akafika juu kule boriti inapoingia kwenye nguzo ya nje. Akapitisha mkono. Akaupitisha mara ya pili.

Shengzao akapanda upande wa pili. Nilimwona akitazama, na nikaona rangi inamtoka.

Ulimi wa boriti ulikuwa umechomoka. Uliobaki ndani ya tundu haukuzidi unene wa kidole gumba. Kila tulipovuta ulikuwa ukiteleza nje taratibu, bila kulia, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Kila kiungo katika nyumba hufungwa kwa chango, kijiti cha mti mgumu kinachogongwa kupita nguzo na ulimi pamoja ili visiachane. Kiungo hiki tundu la chango kilikuwa nalo, limetobolewa safi, kingo zake kali kama lilitobolewa jana. Ndani yake hamkuwa na chango. Hakijawahi kuwemo. Kidole kimoja zaidi na boriti ile, pamoja na yote iliyoyabeba, ingeshuka pale Mama Peilian alipoegemeza shavu.

Mzee akashuka polepole. Akaenda mpaka kwa mkewe, akasimama karibu naye sana, kama watu wawili wanaotaka kusema siri. Na mimi naamini mpaka leo kwamba alidhani ananong'ona. Lakini alikuwa kiziwi, na sauti yake iliwafikia wote wa kamba nne, na bibi wa nyumba ya juu aliyekuwa dirishani. Alimwita mkewe kwa jina.

"Manxiu! Ni mimi! Niliisahau!"

"Punguza sauti," mkewe akasema.

"Ulikuwa na mimba ya Peilian! Nilitaka uingie nyumbani kwako kabla hujajifungua! Nilibakiza kiungo kimoja, mwalimu wangu akaniita kwenye mnara wa kule Rongjiang! Nikasema nitakigonga nikirudi!"

"Baba Peilian, watu wanasikia."

"Nini?"

"Watu!"

"Niliporudi mtoto alikuwa amezaliwa! Nikamtazama mtoto! Nikasahau!" Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Miaka arobaini na minne nimekulaza chini ya boriti isiyofungwa! Nimefunga za watu wote! Yako sikuifunga!"

Sisi tulitazama miguu yetu. Hatukuweza kuachia kamba, hatukuweza kuondoka, tukabaki pale tunasikia. Peilian kando yangu alikuwa analia na mikono yote miwili imeshika kamba, kamasi zinamshuka, hana wa kumfuta. Nikaegemeza bega langu akajifutia hapo.

Mama Peilian akainua mkono. Nilifikiri atamziba mdomo. Akamfuta vumbi la mbao nyusini.

"Lakini haikuanguka," alisema. "Ilikuwa inanijibu. Kumbe ndiyo maana ilikuwa inanijibu, ilikuwa imelegea." Kisha, kwa kuwa alikuwa Mama Peilian, akaongeza, "Haya, utalia mpaka mvua ije? Chonga chango."

Akachonga. Alichukua kipande cha mti mgumu kwenye kisanduku chake, akakaa kwenye kigoda, tezo ikashuka mara kumi, patasi mara tano, na matone ya kwanza yakaanza kutugonga vichwani. Shengzao akaturuhusu kulegeza kamba mbili, wakaurudisha ulimi tunduni kwa nyundo ya mti na minyororo, ukaingia wote. Mzee akawa anapanda ngazi na chango mkononi, mkewe akamshika suruali.

"Nipe mimi."

"Nini?"

"Nipe. Jiko ni langu."

Mafundi wakatazamana. Kwetu mwanamke hapandi kwenye mbao za nyumba inayojengwa. Wengine bado wanaogopa. Mzee alimtazama mkewe, akampa chango, akampa na nyundo, akashika ngazi kwa mikono yake miwili.

Mama Peilian alipanda na miaka yake sitini na sita. Akakigonga. Pigo la kwanza lilikosa na nyundo ikapiga nguzo. La pili likapata. Aligonga mapigo saba, na baada ya la saba chango kilitoa mlio tofauti, mfupi, mkavu, na hata mimi nisiyejua kitu nilijua kimeshika. Mzee naye aliweka kiganja kwenye nguzo, akatikisa kichwa kukubali.

Tukavuta vidole vinne vilivyobaki kwenye manyunyu. Uzi wa timazi ukaja taratibu ukakaa juu ya alama yake. Baba Peilian akakiinua kitambaa, akakiacha kianguke. Hakuna aliyeshangilia mara moja. Tulikuwa hatujawahi kuiona nyumba ile imesimama wima, ilikuwa kama kumwona mgonjwa wa miaka mingi ameamka anatembea. Kisha mtu akapiga fataki na mvua ikashuka kweli, tukakimbilia maturubai.

Kazi haikuishia hapo. Vigae vilirudi baada ya siku nane, kuta baada ya kumi na mbili. Ndipo tatizo jipya likaonekana: kila kitu humo ndani kilikuwa kimefanywa kwa ajili ya nyumba iliyopinda. Milango iliyokuwa imechongwa pembeni ili ifungwe sasa iliacha nafasi ya kupita paka. Meza, ambayo Mama Peilian aliiwekea vipande vya vigae chini ya miguu miwili kwa miaka mingi, sasa ilimwaga supu upande wa pili. Kabati likafunguka lenyewe. Na yeye mwenyewe alitembea kwa shida, mguu mmoja ukitafuta mteremko usiokuwepo. Wiki mbili alishika kuta.

"Nimekuwa bata," aliniambia. "Cheka tu, najua unataka kucheka."

Mzee alitengeneza yote. Alianza na meza, akaja milango, akaja kitanda. Nilikuwa nikiwaona toka kwangu, sasa kwa kuwa nyumba haikuniinamia tena niliweza kuona mpaka roshani yao. Yeye anapiga randa, mkewe amekaa kwenye kiti karibu, na kila mlango ukirudishwa mahali pake, mzee anaufungua na kuufunga, anamtazama. Mkewe anasikiliza, anamwonesha kwa vidole: bado kidogo, chini. Anautoa, anaupiga randa tena. Mlango mmoja waliufanya hivyo asubuhi nzima, na sidhani kama ulikuwa na kasoro.

Baada ya mavuno ya mpunga Shengzao alikuja na gari. Nilidhani amekuja kumsalimia mwalimu wake. Alikuja na jogoo na chupa mbili za pombe, akaziweka mbele ya Mama Peilian.

"Mama, kuna mnara kule Zengliao. Umepinda vidole saba. Wanataka niuvute mwezi ujao."

"Vuta. Una minyororo."

"Sitaki minyororo. Nataka uende ukakae huko wiki tatu kabla, uusikilize. Kuna chumba kizuri, watakupikia. Mwalimu atakuja kusoma timazi."

"Mimi nikalale kwa watu wiki tatu? Nimeingiwa na kichaa?"

"Nini?" mzee akauliza. "Anasema nini?"

Mkewe akamgeukia, akamweleza kwa midomo, akielekeza huku na huku, akidharau jambo zima. Mzee akasoma mpaka mwisho. Akaingia ndani. Tukadhani amekwenda kuleta vikombe. Akarudi na kile kisanduku chake cha patasi, akakifungua, akatoa zana za upande mmoja na kuzihamishia upande wa pili, zikabanana. Upande uliobaki mtupu akaupangusa kwa mkono wa koti lake.

"Weka nguo zako hapa," akamwambia.

Waliondoka Jumatano. Mama Peilian alikaa mbele na Shengzao, mumewe nyuma na kisanduku, lakini hawakufika hata kwenye daraja, gari likasimama. Mlango wa mbele ukafunguka, Mama Peilian akashuka na skafu yake ya rangi ya nili, akaenda nyuma, akapanda akakaa na mumewe.